Mafuta Yana Ukingo

Ninyi mnaoanza kushika chaki mwaka huu, karibuni. Mimi nimeiacha, na bado vidole vinanikumbusha vumbi lake kila asubuhi. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa katika chuo kimoja cha ualimu hapa Kigoma. Wanachuo waliniita Mwalimu Gervasi, na nikigeuza mgongo waliniita Mzee Yesu-na-Maria, kwa sababu hayo ndiyo maneno yanayonitoka nikishtuka. Nami hushtuka sana. Watu hudhani mwalimu wa fizikia aliyekula chumvi nyingi hashtushwi na kitu. Waongo hao. Somo lile likikuingia sawasawa, huachi kushtuka mpaka wakufukie.

Nawaandikia juu ya mshtuko mmoja ambao haujanitoka hadi leo. Ulinipata nimeshastaafu, nimekaa barazani kwangu Katubuka na kikombe cha chai. Nilimkosea mtu. Nilimkosea kwa hesabu, mbele ya watu, na kumbe hesabu ilikuwa yake. Lakini kosa lenyewe hamtalielewa kama hamjui habari za beseni, basi niwape kwanza habari za beseni.

Beseni nililirithi kwa Mwalimu Sadiki. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, kofia haimtoki kichwani, na hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuhitaji. Nilipofika chuoni nikiwa kijana mwenye cheti kipya na majivuno mapya, yeye ndiye aliyenipokea. Siku ya kwanza alinitazama ninavyoandika milinganyo ubao mzima, akangoja nimalize, akaniambia: "Gervasi, kitu usichoweza kukionesha ndani ya beseni bado hujakielewa."

Alikuwa hatanii. Mawimbi aliyafundisha kwa beseni, joto kwa beseni, mwanga kwa beseni. Na lile somo gumu kuliko yote, la kwamba kitu kidogo kama elektroni hakikubali kukaa ulipokiweka, alilifundisha kwa beseni na tone la mawese.

Niwaambie linavyofanyika, maana najua wengi wenu mtaliharibu. Beseni lioshwe kwa majivu, si kwa sabuni. Sabuni ikibaki hata chembe, tone halitawanyiki, litakukodolea macho tu mbele ya darasa. Tia maji, yaache yatulie kabisa. Saga chaki, uipepete kwa kitambaa chepesi mpaka uso wa maji ushike vumbi jembamba. Kisha chovya njiti ya ufagio kwenye mawese, uguse maji katikati. Gusa tu, usitie. Vumbi litakimbia pande zote na katikati pataachwa duara safi, likipanuka.

"Chembe iliyobanwa," Mwalimu Sadiki alikuwa akisema, "ukiiachia, hufanya hivi."

Mara ya kwanza kuliona duara lile nilipiga kelele: "Yesu na Maria!" Darasa likaangua kicheko, na jina likanishika tangu siku hiyo.

Kuna mwaka alikuja mkaguzi. Ilikuwa Julai, asubuhi, na mnajua Julai hapa kwetu jinsi upepo wa ziwa unavyopenya mpaka kwenye mifupa. Mwalimu Sadiki akachovya njiti, akagusa maji. Hakuna kitu. Mawese yameganda. Kidonge chekundu kimekaa juu ya maji kama mgeni asiyejua wa kumsalimia. Mkaguzi akasogeza miwani: "Mwalimu, chembe yenu naona imekataa kuondoka." Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu Sadiki akachukua kichupa cha mawese, akakitia kwapani chini ya koti, akaanza kueleza historia ya somo hilo taratibu, robo saa nzima, mkono mmoja umebana. Halafu akakitoa, akachovya njiti mpya, na tone likakimbia vizuri ajabu. Mkaguzi alipiga makofi. Tangu hapo kila Juni na Julai nami nilibeba mawese kwapani, na mke wangu, Mama Adela, amelalamika miaka yote ya ndoa yetu kwamba mashati yangu ya kazi yananuka jikoni.

Sasa maana yake. Elektroni haina mahali pamoja ilipo, kama kiti kilivyo pale mezani. Ina wimbi. Pale wimbi lilipo kubwa, una nafasi kubwa ya kuikuta ukiitafuta; pale lilipo dogo, nafasi ndogo; pale lilipo sifuri, usijisumbue. Ukiibana mahali padogo kisha ukaiachia, wimbi linaenea. Hilo beseni linalionesha vizuri. Lakini kuna la pili ambalo beseni halioneshi, nalo ndilo linaloumiza kichwa: kadiri unavyoibana zaidi, ndivyo inavyotawanyika haraka zaidi ukiiachia.

Mwalimu Sadiki hakuniambia nimwamini. Alinipa kazi. Chukua elektroni, ibane kwenye upana wa atomu moja, iachie, hesabu imeenea kiasi gani baada ya sekunde moja. Nikaenda kuhesabu. Nikapata zaidi ya kilomita mia tano. Nikajua nimekosea sifuri mahali. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikachukua karatasi zangu mpaka kwake Ujiji, nimelowa jasho.

"Mwalimu, kuna sifuri zimenipotea."

Akatazama. "Hazijapotea."

"Lakini hii ni kutoka hapa mpaka Tabora na kupita! Kwa sekunde moja!"

"Ndiyo. Kaa unywe kahawa."

Nilipomaliza kahawa akanipa kazi nyingine: nifanye hesabu hiyo hiyo kwa dagaa mmoja mkavu. Nikafanya palepale kwenye mkeka. Dagaa yule, hata akikaa miaka milioni moja, asingeenea hata sehemu ndogo ya unene wa unywele. "Ndiyo maana," akasema Mwalimu Sadiki, "wanawake wa Katonga wakianika dagaa huwakuta palepale, kunguru akitaka." Elektroni inakwenda kupita Tabora, dagaa hajatikisika, na sheria ni ile ile moja. Sikulala vizuri wiki nzima.

Mwalimu Sadiki alistaafu, akatangulia mbele ya haki, na beseni likabaki kwangu. Kila kundi la walimu lililopita mikononi mwangu lilipita na beseni. Nenda shule yoyote ya mkoa huu, ukiona beseni lililochorwa maua juu ya kabati la maabara, ujue mwalimu wa hapo ni wangu. Nilijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Hapa ndipo anapoingia Butoyi.

Butoyi alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, msichana mrefu asiyependa maneno mengi, kwao Mwandiga. Baba yake alikuwa amefariki na mama yake alikuwa anakamua mawese. Mawese ya darasani alituletea yeye, kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, na yalikuwa masafi kuliko ya sokoni. Mtoto yule aliyajua mafuta kabla hajajua kusoma. Hilo nililielewa nimeshachelewa.

Ilikuwa siku yake ya somo la mfano. Mnajua utaratibu: mwanachuo anasimama mbele, wenzake wanakaa kama wanafunzi, mkufunzi anakaa nyuma na fomu ya tathmini. Wenzake walikuwa arobaini. Asiyefaulu somo la mfano haendi mazoezi ya kufundisha, anarudia mwaka. Butoyi akaweka beseni, akapepeta chaki, akagusa maji. Safi kabisa. Mimi nimeshaanza kumwandikia alama nzuri.

"Oneni," akasema. "Mafuta yameenea. Yameishia wapi?"

Mwenzake wa mbele akanyoosha kidole: "Pale vumbi linapoanzia."

"Vizuri. Mafuta yana ukingo. Ndani yapo, nje hayapo. Na hapa ndipo beseni linapotudanganya."

Kalamu ilinianguka. Katika chuo kile hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba beseni linadanganya. Yeye wala hakunitazama. Akachora kisanduku ubaoni.

"Tuseme elektroni imefungwa humu. Nje ya kuta haimo kabisa, wimbi ni sifuri. Sasa naziondoa kuta ghafla. Ukipita muda wowote, hata uwe mdogo namna gani, wimbi halina ukingo tena. Limefika kila mahali. Dogo mno, lakini si sifuri tena kama lilivyokuwa."

"Kila mahali ni wapi?" nikauliza kutoka nyuma.

"Kila mahali, mwalimu. Hata Kalemie."

Darasa likacheka, maana Kalemie ni ng'ambo ya ziwa, Kongo.

"Na ukipita muda gani?"

"Wowote ule. Hata kabla mwanga wa tochi haujavuka ziwa." Akaweka chaki chini. "Hata mimi nilishtuka, mwalimu."

Ninyi vijana, sikieni. Mwanafunzi akikuambia amelishangaa jibu lake mwenyewe, hapo ndipo pa kuweka kalamu chini na kumwambia nioneshe. Mjinga hashtuki, mjinga ana uhakika. Mimi mwenye jina la kushtuka, siku ile sikushtuka. Nilikasirika. Nilisimama, nikageukia darasa, nikafungua mikono kama mwigizaji: "Jamani, mpigieni makofi mwenzenu! Ameivunja kasi ya mwanga. Kwa chaki!"

Walicheka mpaka wakapiga meza. Kuna mmoja alianguka kutoka kitini. Nami, Mungu anisamehe, niliona raha.

Butoyi alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sijaivunja mimi, mwalimu. Huu mlinganyo wenyewe haujawahi kuisikia."

"Kaa chini," nikamwambia.

Kwenye fomu, mahali pa ujuzi wa somo, nikamwandikia alama ya kumwangusha. Kesho yake akaja ofisini na karatasi tatu. Alisimama mlangoni mpaka nikamruhusu.

"Mwalimu, naomba tuzipitie pamoja. Ukinionesha nilipokosea nitarudia mwaka bila kinyongo."

"Binti, mimi nimeanza kufundisha haya mama yako hajaolewa. Ziache hapo mezani."

Akaziacha. Nikaweka kitabu juu yake. Butoyi akarudi Mwandiga, na mwaka wa kurudia haukuwepo kwao, mama hakuweza kuulipia. Nilipoambiwa kwamba ameacha chuo nilisema "masikini," nikaendelea na chai. Nawaambia hilo ili mnijue vizuri.

Miaka ikapita, nikastaafu. Asubuhi moja Mama Adela akaburuta kasha langu la makaratasi mpaka barazani. "Chagua ya kubaki," akasema, "mengine nayawashia mkaa. Yanafuga mende." Nikaanza kuchambua, na ndani ya kitabu kimoja zikadondoka karatasi tatu za mwandiko mnyoofu. Nikazitambua. Sikuwa na la kufanya, nikaenda kutafuta kalamu nyekundu. Niseme kweli, nilizisoma ili nimkute alipokosea.

Nilisoma siku tatu.

Nawapa alichokiandika kwa lugha ya kawaida. Ukitaka wimbi liishe ghafla ukutani, kama limekatwa kwa wembe, huna budi kulijenga kwa mawimbi mengi yaliyochanganywa, ya mwendo mdogo na ya mwendo mkubwa, yanayofutana yote nje ya ukuta. Kadiri mkato unavyokuwa mkali, ndivyo unavyohitaji mawimbi ya kasi zaidi. Mkato ukiwa mkali kabisa, unahitaji ya kila kasi, bila mwisho. Sasa ondoa kuta. Kila wimbi linashika mwendo wake, kule kufutana kunavunjika, na kwa kuwa kasi ya mawimbi hayo haina mwisho, hakuna umbali wa kusema huku hayajafika. Karatasi ya pili ilikuwa hesabu tupu, haina doa. Ya tatu ilikuwa na mistari michache: "Mlinganyo huu ulitungwa kwa vitu vya mwendo mdogo. Kasi ya mwanga haimo ndani yake. Kwa hiyo jibu hili halisemi kwamba kitu kimeushinda mwanga. Linatuonesha mlinganyo unapofika mpaka wa kazi yake."

Kalamu nyekundu haikugusa kitu. Nilihesabu upya mwenyewe, kwa njia yangu, ili nimshinde. Nikatoka palepale alipotoka yeye.

Kilichonimaliza ni kwamba nusu ya hoja ile ilikuwa yangu. Ukiibana zaidi, inatawanyika haraka zaidi: nimelisema darasani miaka thelathini na mmoja! Sikuwahi kuuliza tu, je, ukibana ukingo wenyewe mpaka mwisho? Nilifika Tabora nikashuka. Butoyi aliendelea na safari, nami nikamwadhibu kwa sababu hakushuka nami. Na lile jibu lake la mwisho, nililolichukua kama ufedhuli, lilikuwa ndilo jibu sahihi kuliko yote yaliyowahi kutolewa katika chumba kile, yangu yakiwemo.

Mama Adela alinikuta nimekaa, chai imepoa, karatasi tatu mapajani.

"Unaumwa?"

"Butoyi alikuwa sahihi."

"Butoyi yupi?"

"Yule wa mawese."

Akazitazama zile karatasi. Halafu akauliza: "Umemwambia?"

Nilikwenda chuoni. Mkuu wa chuo siku hizi ni mama mmoja mwenye umri wa kuwa binti yangu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema jalada linaweza kufunguliwa ikiwa mkufunzi aliyetoa alama ataandika kwa mkono wake sababu ya kuibadili. Nikarudi nyumbani nikaandika: "Kulikuwa na tofauti ya tafsiri kati yangu na mwanachuo." Mama Adela akaisoma akiwa anachambua mchele.

"Tofauti ya tafsiri ndiyo nini?"

"Ni lugha ya ofisini."

"Mimi uliniambia ulikosea."

Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika "Nilikosea." Ni neno moja, na lilinichukua alasiri nzima. Chuo kikakaa, kikaamua Butoyi aende moja kwa moja mazoezi ya kufundisha bila kurudia mwaka, mradi ajaze fomu na kuripoti kabla ya muhula huu kufungwa. Nikachukua barua na fomu, nikazibeba mwenyewe mpaka Mwandiga.

Nilifika asubuhi. Mama yake alikuwa kwenye pipa, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. "Mwakeye, mwalimu," akanisalimu kwa Kiha, kwa uchangamfu kabisa, kana kwamba sikumfanyia jambo. Butoyi akatoka nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi."

"Najua, mwalimu," akasema. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayeambiwa leo ni Jumanne.

Nikampa barua. Akafuta mikono kwenye kanga, akaisoma yote, akaikunja vizuri. Nilitegemea machozi, au walau tabasamu. Tayari nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza.

"Asante, mwalimu. Lakini sirudi."

"Yesu na Maria! Kwa nini?"

Akanipa kigoda, naye akakaa juu ya gogo. "Mdogo wangu Rehema yuko kidato cha tatu, Kidahwe. Mwezi uliopita alirudi nyumbani anacheka. Mwalimu wao amewasimulia kwamba huko chuoni kulikuwa na msichana mmoja aliivunja kasi ya mwanga kwa chaki. Darasa zima lilicheka. Akanisimulia mimi."

"Anajua kwamba ni wewe?"

"Hajui. Nilicheka naye."

Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu, kwa elektroni na kwa mengine, lakini haijawahi kuwa namna ile. Nilimwona moyoni yule binti ameketi jikoni kwao, anacheka na mdogo wake aibu niliyomtengenezea mimi.

"Wale arobaini wametawanyika, mwalimu," akaendelea. "Kasulu, Kibondo, Uvinza, mpaka sijui wapi. Kila mmoja ana beseni na kila mmoja ana hicho kichekesho. Nikimaliza nitapangiwa shule, nitakikuta kimenitangulia. Nitafundishaje?"

"Nitakwenda Kidahwe kesho. Nitasimama mbele ya darasa."

"Usiende. Ukienda wewe watasema mzee wa watu ameombwa. Barua hii ni ya watu wawili, wewe na chuo. Neno lenyewe ulilisema mbele ya arobaini. Waliocheka ndio waseme."

"Na wakisema?"

Akatazama fomu mkononi mwake. "Rehema akirudi nyumbani na habari iliyonyooka, nitaijaza."

Nilipoaga, mama yake alinikimbilia na chupa ya mawese. "Peleka kwa mama wa nyumbani, mwalimu, apikie." Nilitaka kukataa, lakini kukataa kungekuwa kumkosea mara ya pili. Nikaipokea kwa mikono miwili, na nilipofika barabarani nikajikuta nimeitia kwapani.

Tangu siku hiyo nawaza jambo moja. Neno lile nililisema ndani ya chumba chenye kuta nne, mlango umefungwa, na nikadhani limebaki humo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wakati nakunywa chai yangu, lenyewe lilikuwa limeshafika Kidahwe, limeingia mpaka jikoni kwa mama yake, na sijui kwingine liliko.

Basi nawaandikia ninyi. Beseni msilitupe, ni kitu kizuri, Mwalimu Sadiki hakukosea kulipenda. Liosheni kwa majivu, Julai mtie mawese kwapani. Lakini tone likishaenea na watoto wakishaonesha ukingo, msiishie hapo. Waambieni mafuta yana ukingo na elektroni iliyofunguliwa haina, na waambieni aliyeliona hilo ni mwanachuo Butoyi wa Mwandiga, mkufunzi wake akamcheka kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amefika huko.

Na wewe unayefundisha Kidahwe, sikujui ni nani kati ya wale arobaini, wala sitauliza. Ulicheka kwa sababu nilikuambia ucheke. Muhula haujafungwa. Fomu haijajazwa, Butoyi alinionesha alipoichomeka, nyuma ya kioo cha ukutani, sebuleni. Rehema yumo darasani mwako. Kesho weka beseni mezani, gusa maji, waulize mafuta yameishia wapi, kisha wasimulie upya habari ya yule msichana, na safari hii utaje jina lake. Nyumbani Rehema atalifikisha mwenyewe.